Mjomba aliomba jembe, alikuwa anataka miwani: maneno yanapopotea baada ya kiharusi

Wiki ya tatu baada ya mjomba kurudi nyumbani Newala kutoka hospitali, asubuhi moja akawa anaomba jembe. Amekaa kwenye mkeka barazani, mkono wa kulia umelala tu pajani, anasema "jembe, jembe, nipe jembe", tena kwa ukali kidogo. Tukaangaliana. Mkewe akamwambia pumzika mume wangu, jembe la nini na hata kusimama huwezi. Mjukuu akaenda kulichukua kweli akamletea, watu wakacheka, mjomba akapiga mkeka kwa mkono wa kushoto akaanza kulia. Ilipita karibu nusu saa mpaka mtu mmoja akafuata macho yake yanaangalia wapi, yanaangalia juu ya redio, na pale juu ya redio ndo ilipokuwa miwani yake. Alikuwa anataka miwani. Alijua kabisa anachotaka, anakijua kinafanya kazi gani na kiko wapi, ila neno lililotoka mdomoni lilikuwa la kitu kingine, na alikuwa anasikia mwenyewe kwamba amekosea na hawezi kulirudisha.

Siku ile ndo nilianza kusoma na kuulizauliza kuhusu hili jambo, maana nilikuwa sijui chochote. Huku kwetu kusini, Mtwara na Lindi yote, ukikaa barazani hukosi kusikia fulani kapigwa na kiharusi, na tunachokijua wengi wetu ni habari ya mkono na mguu. Tunajua kuchua, tunajua kumnyanyua mgonjwa, tunajua kumtafutia fimbo. Habari ya kuongea, kusoma na kuandika inabaki fumbo, na watu wanalijibu wanavyojua wao: amechanganyikiwa, amerudi utoto, amerogwa, kuna kitu kimemkalia. Na mgonjwa yuko pale pale anasikia.

Tuanze na chenyewe kilivyo. Kiharusi ni damu kushindwa kufika sehemu fulani ya ubongo, ama mshipa umeziba (na hii ndo inayotokea mara nyingi zaidi) ama mshipa umepasuka damu ikamwagikia ndani. Sehemu iliyokosa damu inakufa, na kazi iliyokuwa inafanywa na sehemu ile inasimama. Upande wa kushoto wa ubongo ndo unaoendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu karibu wote wanaotumia mkono wa kulia, kama 95 katika kila 100, lugha nayo makao yake ni huko huko kushoto. Ndo maana ukimwona mtu kapooza upande wa kulia mara nyingi utakuta na maneno yamemponyoka, wakati aliyepooza kushoto anaweza akawa anakusimulia habari za mnada wa korosho vizuri tu.

Haya mambo yameanza kujulikana zamani. Mwaka 1861 daktari wa Ufaransa, Paul Broca, alipokea mgonjwa ambaye kila ukimuuliza jambo anajibu "tan". Jina lako nani, tan. Unaumwa wapi, tan, tan. Ila alikuwa anaelewa mengi anayoambiwa na anajieleza kwa ishara za mkono, na akikasirika unaona kakasirika. Alipofariki Broca akauangalia ubongo wake akakuta sehemu ya mbele upande wa kushoto imeharibika. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaeleza wagonjwa wa namna nyingine kabisa, wao wanaongea sana, maneno yanatiririka, lakini ukisikiliza hayana maana na wao hawaelewi vizuri unachowaambia, na kwao palipoumia ni nyuma zaidi, karibu na usawa wa sikio la kushoto. Hali hizi zote jina lake ni afasia. Inawapata karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi, kwa hiyo sio kitu cha ajabu wala cha nadra.

Sasa hapa ndo panapochanganya watu, hata sisi palituchanganya muda mrefu, kwa sababu mtu akishindwa kuongea tunasema tu "ulimi umekuwa mzito" tukamaliza, na kumbe kuna mambo matatu tofauti yanayofanana ukiyasikia kwa nje.

La kwanza ni ulimi kuwa mzito kweli. Misuli ya mdomo, ulimi na koo imelegea, sauti inatoka ya kuburuza kama mtu mwenye usingizi, lakini lugha yenyewe haijaguswa, maneno yote anayo. Huyu ukimpa kalamu na mkono unafanya kazi ataandika barua nzima bila kosa. Wataalamu wanaiita disathria. Huyu anahitaji kuongea taratibu, sentensi fupi, kuvuta pumzi kabla hajaanza, na sisi kukaa karibu yake.

La pili ni mdomo kupotea njia. Misuli ina nguvu, neno analijua, ila ubongo unashindwa kuupanga mdomo ufanye nini kwanza na nini baadae. Unamwona kabisa anautafuta, anafungua, anafunga, anajaribu upya, sasa hivi kasema "korosho" safi baada ya dakika moja inatoka "kosoro". Hii inaitwa apraksia ya usemi. Mjomba anayo kidogo.

La tatu ndo afasia yenyewe, lugha ndo imeumia, na inagusa vyote kwa pamoja, kuongea, kuelewa, kusoma na kuandika, ila kwa vipimo tofauti kwa kila mtu. Na mtu mmoja anaweza kuwa na haya yote matatu kwa wakati mmoja, ndo maana ukiona jirani yako mgonjwa wake amepona kuongea kwa miezi miwili usije ukamlinganisha na wako.

Aliye na afasia ya kama ile ya Broca anaongea kwa vipande. Mjomba akitaka kusema jana nilikula ming'oko (mizizi ya porini tunayokula huku kwetu) na chai utasikia "jana... ming'oko... mimi... kula... chai". Vile vitu vidogo vidogo tunavyobandika kwenye neno la Kiswahili, ni-li-ku-la, vinamshinda kuliko neno lenyewe, na ukifikiria Kiswahili chetu kilivyo, kitenzi kimoja kinaweza kubeba mtendaji na wakati na hata mtendewa, unaona ni mzigo gani mtu anabebeshwa kwenye neno moja tu. Maana lakini ipo. Ukiwa na subira unaipata yote.

Wa namna ile ya Wernicke ndo wanaoteseka zaidi mitaani, nalisema hili nikiwa na uchungu nalo kweli. Mtu anaamka asubuhi anaongea kwa kasi, lafudhi ile ile yake, anapanda anashuka kama anahubiri, lakini maneno ni mchanganyiko, mengine hayapo katika lugha yoyote, na mkono na mguu vinaweza vikawa vizima kabisa kwa hiyo hakuna anayewaza kiharusi. Watu wanasema kapandisha, anaongea lugha ya majini. Anapelekwa kwa mganga, anafukizwa, siku zinakatika, na huku kichwani kuna mshipa umeziba. Mi sina ugomvi na mtu anayemsomea mgonjwa wake dua, kwetu tulisoma na tunasoma mpaka leo, ila dua isomwe mkiwa njiani kwenda hospitali. Mtu mzima ambaye jana alikuwa anaongea vizuri na leo ghafla maneno yamevurugika, hicho ni kiharusi mpaka hospitali iseme sio.

Kuna kitu kimoja kilitutesa sana mwanzoni nataka nikieleze vizuri kwa sababu kinaleta fitina ndani ya nyumba. Mjomba alikuwa hawezi kusema "maji". Unamwona ana kiu, anaangalia ndoo, hawezi. Lakini ukimwamkia shikamoo anajibu "marahaba" safi kabisa, haikwami hata kidogo. Ukianza naye moja, mbili, anaendelea mpaka kumi. Wakati wa kuswali Alhamdu anaisoma mwanzo mpaka mwisho bila kuteleza. Akigonga mguu kwenye kigoda tusi linatoka zima zima. Kuna ndugu wakaanza kusema huyu anajifanyisha, anataka tu kuhudumiwa, mbona kusoma sura anaweza na kuomba maji hawezi.

Hajifanyishi. Yale maneno tuliyoyarudia maisha yetu yote, salamu, kuhesabu, siku za wiki, sala, nyimbo, hayatoki kwa njia ile ile ya maneno unayoyatunga papo hapo. Yanatoka kama mkufu, ukivuta punje ya kwanza zingine zinafuata zenyewe, na inaonekana ubongo wa kulia unasaidia sana hapo. Kuomba maji ni jambo jingine, inabidi utafute neno moja peke yake katika maelfu, ulitoe, ulipange mdomoni. Ile barabara ndo iliyokatika. Mjomba kukuitikia salamu sio ushahidi kwamba anaweza kukujibu swali.

Habari njema ni kwamba ile njia iliyobaki inaweza kutumika kusaidia hii iliyokatika. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston huko Marekani walieleza tiba ya kutumia mahadhi, yaani sentensi fupi unaiimba pole pole kwa sauti ya juu na ya chini huku unagongagonga mkono wa kushoto wa mgonjwa kufuata mapigo, kila silabi na pigo lake, alafu siku zinavyokwenda unaipunguza ile tune mpaka inabaki kama kuongea kwa kawaida. Sisi hatukuwa na mtaalamu, ila tulianza na nyimbo. Mjomba ndiye aliyenisimamia mimi jandoni, kwa hiyo tukaanza na zile za jando tukiwa wanaume peke yetu nyuma ya nyumba, na hizo siziandiki hapa. Sauti ilitoka. Mtu ambaye wiki nzima amesema maneno manne aliimba ubeti mzima, na machozi yalitutoka wote. Alafu tukachukua vitu vya kila siku tukavitia mahadhi, "na-ta-ka-ma-ji", napiga kiganja chake mara tano, yeye anafuata. Ilichukua kama mwezi na nusu. Siku alipoomba maji mwenyewe bila kuimba mkewe alimletea jagi zima.

Na lugha ipi inarudi kwanza? Sisi watu wa huku wengi tuna lugha mbili na zaidi, Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua nyumbani, Kiswahili shuleni na sokoni. Mfaransa Albert Pitres aliandika mwaka 1895 kwamba mara nyingi inatangulia ile mtu aliyokuwa anaitumia zaidi kabla hajaugua, na kuna waliosema ni ile ya utotoni, ukweli ni kwamba watu hawafanani, wengine zinarudi zote sambamba na wengine wanazichanganya katika sentensi moja. Mjomba ilianza Kimakonde. Kwa hiyo kama mgonjwa wenu amelelewa na Kimwera usimlazimishe Kiswahili kwa sababu daktari anaongea Kiswahili, jaribuni zote muone ipi inafunguka, na mwambieni daktari pia, maana mgonjwa anaweza kuonekana haelewi kitu na kumbe ni lugha tu.

Sasa kusoma. Mjomba alikuwa katibu wa chama cha msingi cha korosho miaka mingi, mtu wa daftari na stakabadhi, kwa hiyo kusoma kwake kulikuwa sehemu ya heshima yake kabisa. Tulipompa miwani ile siku akachukua karatasi, akaiangalia, akaigeuza, akaiweka chini. Nikadhani macho.

Inaweza kuwa macho kwa maana fulani. Kiharusi cha upande wa kushoto kinaweza kuchukua na uoni wa upande wa kulia, sio wa jicho la kulia, ni upande wa kulia wa macho yote mawili, kwa hiyo mtu anasoma "Chama cha" na "msingi" hakioni, anashangaa sentensi haina mwisho. Anayesoma msahafu shida inakuwa pale mstari unapoanzia kwa sababu Kiarabu kinaanzia kulia. Hii ina ujanja wake: chora mstari mwekundu mnene pembeni mwa ukurasa, upande ule asiouona, au weka rula yenye rangi kali, mwambie tafuta wekundu kwanza alafu ndo usome, na mstari wa chini ufunike kwa karatasi asiruke. Mgeuze na kichwa kidogo kuelekea upande asiouona.

Lakini mara nyingine macho yanaona kila kitu na bado kusoma hakupo. Herufi zinaonekana kama michoro. Mwaka 1892 daktari mwingine wa Ufaransa, Jules Dejerine, alieleza mgonjwa aliyekuwa anaandika vizuri kabisa na akimaliza hawezi kusoma alichoandika mwenyewe kwa mkono wake. Ukilisikia hilo unaona kama haiwezekani, ila ndo inavyokuwa, sehemu inayoona na sehemu inayojua maneno zimekatiwa mawasiliano. Watu wa namna hii wengi wanasaidika kwa kuifuatisha herufi kwa kidole, juu ya karatasi au kwenye kiganja, mkono unaikumbuka herufi ambayo jicho limeisahau. Sisi tulitumia mchanga wa uani. Unaandika M kubwa kwenye mchanga, yeye anaifuatisha na kidole cha kushoto, anatulia, anasema "ma".

Kiswahili hapa kinatusaidia sana jamani. Kinasomwa kilivyoandikwa, ba ni ba popote ilipo, kwa hiyo ukirudi kwenye silabi kama darasa la kwanza, ma me mi mo mu, unaweza kujenga neno taratibu. Ila angalizo, na hili nililikosea mimi mwenyewe. Nilimnunulia mjomba kitabu cha chekechea chenye picha za sungura na mpira. Alikifunga akakisukuma kwa mguu. Ni mzee mwenye wajukuu, amefungua minada, amesimamia watu jandoni, unamletea sungura? Nikabadilisha nikaandika maneno yake mwenyewe kwenye vikaratasi, korosho, mizani, kilo, Newala, majina ya watoto wake, sura anazozijua, timu yake ya mpira. Akaanza kuvishika.

Kuandika ndo kunachelewa kuliko vyote, kwa sababu mbili kwa mpigo, lugha imeumia na mkono wa kuandikia umepooza. Mkono wa kushoto unajifunza, inahitaji uvumilivu tu, kalamu nene (tulizungushia kitambaa na mpira wa baiskeli ili aishike vizuri), karatasi ilazwe juu yake imeinamia upande wa kulia na ibanwe na kitu kizito isiteleze. Anza na sahihi yake na jina lake, hilo ndo neno mkono umelizoea kuliko yote. Kunakili kwanza, alafu kumalizia neno uliloliacha nusu, koro___, alafu ndo atoe kichwani. Dakika kumi au kumi na tano zinatosha, kisha apumzike, mara tatu nne kwa siku. Ubongo ulioumia unachoka haraka mno, na ukiona makosa yameongezeka ghafla ujue kachoka, acha.

Namba ni habari nyingine, wapo wanaobaki na hesabu wakapoteza maneno na wapo zinazovurugika zote. Hapa kuwa makini na pesa. Mjomba alisahau namba ya siri ya pesa za kwenye simu, akawa anataka kila mtu amsaidie, na watu wa kusaidia walikuwa wengi kuliko ilivyopaswa. Mkubaliane mapema kama familia nani anashika hilo, mbele ya mgonjwa mwenyewe, na apewe mahesabu yake hata kama hawezi kuuliza. Kusaini kwa kidole gumba kunakubalika sehemu nyingi, lakini kabla hajaweka kidole asomewe, aulizwe, apewe muda. Kidole sio cha kushikwa na kubonyezwa na mtu mwingine. Nimeona shamba la mikorosho linabadilisha mwenyewe kwa namna hiyo na mzee amekaa pale pale anatingisha kichwa kukataa na hakuna anayemwangalia.

Tuje kwenye kuongea naye, maana hapa ndo kila mtu wa nyumbani anaweza kufanya kitu kuanzia leo bila hela.

Zima redio. Zima na tivii. Mtu mmoja aongee kwa wakati mmoja, kaa mbele yake akuone uso. Sentensi fupi za kawaida, sauti ya kawaida, sio kupiga kelele, hajawa kiziwi. Usimwongeleshe kama mtoto mchanga. Badala ya kuuliza "unataka kula nini" uliza "unataka uji?" alafu subiri. "Au muhogo?" alafu subiri. Ukiwa na vitu vyenyewe vionyeshe. Kusubiri ndo kazi ngumu kuliko zote, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi na usimmalizie neno mpaka mwenyewe akuangalie kwa macho ya kukuomba. Alafu jambo ambalo hatukulijua kabisa: "ndio" na "hapana" kwa mwenye afasia zinabadilishana mahali. Anasema ndio huku kichwa kinakataa. Hakikisha kwa kuligeuza swali, "kwa hiyo hutaki uji?", na muwekeane ishara, dole gumba juu na dole gumba chini, ziaminini ishara na uso kuliko neno. Akikosea neno na umeelewa anachotaka, mpe, usimkamate alitamke vizuri kwanza ndo apewe. Usiseme nimekuelewa kama hujaelewa, anajua. Mwambie "najua unalijua, mimi ndo sijalipata, nionyeshe." Sentensi hiyo moja ilituliza hasira za mjomba kuliko dawa yoyote.

Tulitengeneza daftari lenye picha, nyingine tumechora nyingine tumepiga na simu tukaenda kuzisafisha, choo, kuoga, maji, chai, maumivu, baridi, picha za watu wa familia na majina yao chini, saa, picha ya msikiti, picha ya shamba. Anafungua ananyoosha kidole. Kwenye WhatsApp anasikiliza voisi, anarudia kusikiliza mara tatu nne mpaka inamwingia, na mwenyewe anajibu kwa voisi fupi au picha, na wajukuu walioko Dar wameelewa kwamba babu akituma picha ya mwembe maana yake mvua imenyesha.

Kuhusu kupona. Kasi kubwa iko miezi mitatu ya mwanzo, inaendelea taratibu baada ya hapo, na haifungi mlango, wapo wanaopata maneno mapya baada ya miaka. Wataalamu wa mazoezi ya kuongea ni wachache mno nchini na huku kwetu kumpata ni shida, lakini ulizeni, ulizeni pale mnapopata fiziotherapia, ulizeni mkiwa na rufaa ya kwenda Dar, waombeni hata siku moja tu wawaonyeshe mazoezi mkafanye nyumbani. Karibu theluthi ya waliopata kiharusi wanapata na sonona, na asiyeweza kuongea hawezi kukwambia kwamba hataki kuishi, utaona tu hali chakula, analala amegeukia ukutani. Hilo lina matibabu, lisemeni hospitali. Kulia ghafla au kucheka ghafla bila sababu ni jambo jingine, ni ubongo wenyewe breki zake zimelegea, mpe muda kidogo, badilisha mazungumzo. Na akila akawa anapaliwa au sauti inakuwa kama ina maji ndani, msimlishe amelala, mkalisheni wima, na mumwone daktari haraka kwa sababu chakula kinaingia kwenye mapafu. Dawa za presha haziachwi hata siku moja eti kwa sababu anajisikia vizuri, kiharusi cha pili kiko karibu na mtu aliyewahi kupata cha kwanza.

Na kama inatokea sasa hivi, uso umeshuka upande mmoja akitabasamu, mkono mmoja unashuka akiinua yote miwili, maneno yamevurugika, angalia saa, kumbuka imeanza saa ngapi, na ondokeni. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ambayo inatolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi bila kupigwa picha ya kichwa kwanza, kwa hiyo pigeni simu mapema kwenye hospitali kubwa za huku, Ligula pale Mtwara, Sokoine pale Lindi, Ndanda, Nyangao au ile ya kanda pale Mtwara, muulize wapi mashine inafanya kazi leo. Msimpe maji wala chakula njiani, msimpe aspirini mkiwa nyumbani maana hamjui kama mshipa umeziba au umepasuka. Msimpakize kwenye bodaboda, tafuteni bajaji au gari alale kwa ubavu.

Mjomba sasa ana mwaka na miezi kadhaa tangu apate kiharusi. Miwani bado ni jembe, siku zingine. Msimu uliopita alienda kwenye mizani akaandika kilo zake kwa mkono wa kushoto, saba ameigeuza lakini jumla ilikuwa sahihi. Wageni wanakuja wengi, na mjukuu yule aliyeleta jembe siku ile ndo anawapokea getini kabla hawajafika barazani, anawaambia: babu anasikia kila kitu na anaelewa, maneno ndo yanachelewa, muamkieni, kaeni upande wake wa kushoto, mkimuuliza kitu nyamazeni mpaka ajibu.